Klopidogreli, tikagrela au prasugreli: ipi imfae aliyewekewa stenti baada ya shambulio la moyo?

Aliyepata shambulio la moyo, akafikishwa kathlabu (chumba cha kuzibulia mishipa ya moyo), mshipa ukazibuliwa na stenti ikawekwa kuushikilia wazi, hurudi nyumbani na mfuko wa dawa. Humo mna za presha, ya kushusha kolesteroli, pengine na za sukari. Mna pia mbili zenye kazi moja: kuzuia damu isigande juu ya stenti. Ya kwanza ni aspirini, nayo haina mjadala mkubwa, miligramu 75 hadi 100 kwa siku. Ya pili ndiyo yenye maswali, maana ziko tatu na kila moja ina tabia yake. Klopidogreli ilianza kuuzwa kwa jina la Plavix, tikagrela kwa jina la Brilinta au Brilique, prasugreli kwa jina la Effient. Siku hizi utazikuta pia kwa majina mengine mengi, kwa hiyo soma jina la dawa yenyewe lililoandikwa chini ya jina la biashara.

Msimamo wangu niutangulize. Kwa wengi waliopata shambulio la moyo, tikagrela na prasugreli zinalinda kuliko klopidogreli. Lakini ulinzi huo ni wa mwaka mzima, si wa mwezi wa kwanza tu. Dawa kali inayokatika mwezi wa pili kwa kukosa hela inamwacha mgonjwa pabaya kuliko klopidogreli anayoimeza kila siku hadi mwisho. Ndiyo maana uchaguzi huu usiachiwe dirisha la dawa. Uzungumzwe na daktari bingwa wa moyo kabla ya kuruhusiwa, ndugu atakayenunua dawa akiwepo.

Kwa nini mbili, si moja

Stenti ni kijibomba cha wavu wa chuma. Damu ikikigusa, chembe sahani, zilezile zinazoziba jeraha ukijikata, hukimbilia kujibandika. Kwa mgonjwa wa shambulio la moyo hali ni mbaya zaidi, kwa sababu utando wa mafuta uliokuwa ukutani mwa mshipa umepasuka na chembe hizo tayari zimeamshwa. Mwili huchukua wiki na miezi kuifunika stenti kwa ngozi laini ya ndani ya mshipa. Kabla haijafunikwa, hasa siku 30 za mwanzo, bonge likijitengeneza hapo mshipa huziba ghafla. Hilo ni shambulio jingine, mara nyingi kubwa kuliko la kwanza, na wengi hawavuki.

Stenti za kwanza kwenye mishipa ya moyo ya binadamu ziliwekwa mwaka 1986 na Jacques Puel huko Toulouse na Ulrich Sigwart huko Lausanne. Kwa miaka kadhaa madaktari walitegemea aspirini na warfarini. Wagonjwa walitokwa damu, na stenti ziliziba vilevile. Mwaka 1998 utafiti wa STARS wa Marekani, wenye wagonjwa 1,653, ulikata mzizi wa fitina. Ndani ya siku 30, matatizo makubwa ya stenti yaliwapata asilimia 3.6 ya waliopewa aspirini peke yake, asilimia 2.7 ya waliopewa aspirini na warfarini, na asilimia 0.5 tu ya waliopewa aspirini pamoja na tiklopidini, dawa inayotuliza chembe sahani kwa njia nyingine. Tiklopidini iliweza kushusha chembe nyeupe za damu kwa hatari, hivyo klopidogreli ikachukua nafasi yake.

Na anayeacha ile ya pili mapema? Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 500 wa Marekani waliopata shambulio la moyo na kuwekewa stenti zilizopakwa dawa. Karibu mmoja kati ya saba aliacha kumeza dawa ile ya pili ndani ya siku 30. Katika miezi 11 iliyofuata, walikufa asilimia 7.5 ya walioacha, na asilimia 0.7 ya walioendelea. Si tofauti yote iliyoletwa na dawa peke yake, kwa kuwa walioacha walikuwa na umri mkubwa zaidi na baadhi yao walishazoea kukwepa matibabu kwa sababu ya gharama. Lakini hao ndio hasa watu tunaowajua majumbani mwetu, na takwimu hiyo inanifanya nisichoke kuuliza bei ya mwezi wa kumi na mbili kabla ya kusifu nguvu ya dawa.

Nguvu: hapa tofauti ni ya kweli

Klopidogreli inaingia mwilini ikiwa bado haijawa dawa. Ini ndilo linaloigeuza, kwa hatua mbili, likitumia zaidi kimeng'enya kiitwacho CYP2C19. Wapo watu waliozaliwa na kimeng'enya hicho kikiwa dhaifu: takriban watatu kati ya kumi wenye asili ya Afrika au Ulaya wamerithi walau nakala moja dhaifu, na kwa watu wa Asia ya Mashariki ni karibu sita kati ya kumi. Wenye nakala mbili dhaifu ndio wanaopata kinga ndogo kuliko wote. Mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru onyo kuhusu watu hao liwekwe kwenye maelezo ya klopidogreli. Mtu hawezi kujijua kwa dalili yoyote. Kipimo cha vinasaba kipo, ila si cha kila hospitali. Hata kwa wenye ini linaloigeuza vizuri, klopidogreli huchukua saa kadhaa kufika kwenye nguvu yake, ndiyo maana siku ya kwanza hutolewa dozi kubwa ya miligramu 300 au 600, kisha 75 kila siku.

Prasugreli nayo hugeuzwa mwilini, lakini kwa njia nyepesi isiyotegemea sana kimeng'enya hicho. Huanza na miligramu 60, kisha 10 mara moja kwa siku. Tikagrela haihitaji kugeuzwa kabisa. Huanza na miligramu 180, kisha 90 asubuhi na 90 jioni.

Mwaka 2007 utafiti wa TRITON-TIMI 38 ulilinganisha prasugreli na klopidogreli kwa wagonjwa 13,608. Kifo cha moyo au mishipa, shambulio jipya au kiharusi viliwapata asilimia 9.9 ya waliotumia prasugreli, dhidi ya 12.1 ya klopidogreli. Stenti kuziba kwa bonge kulishuka kutoka asilimia 2.4 hadi 1.1, yaani zaidi ya nusu iliepukwa. Malipo yake yalikuwa damu: kutokwa damu kwingi kulipanda kutoka asilimia 1.8 hadi 2.4.

Miaka miwili baadaye ukaja PLATO, wagonjwa 18,624, tikagrela dhidi ya klopidogreli. Asilimia 9.8 dhidi ya 11.7 kwa kipimo kama hicho, na vifo vya sababu zote asilimia 4.5 dhidi ya 5.9. Amerika Kaskazini, ambako wengi walikuwa wakimeza aspirini ya dozi kubwa, faida ya tikagrela haikuonekana. Tangu hapo kanuni ni hii: ukitumia tikagrela, aspirini ya kila siku isizidi miligramu 100. Kama aspirini uliyopewa ni ya miligramu 300, usiilinganishe na ya jirani wala usiikate kwa makisio. Rudi ukaulize.

Zenyewe kwa zenyewe zilikutanishwa na utafiti wa ISAR-REACT 5, uliofanywa Ujerumani na Italia na kuchapishwa 2019. Kati ya wagonjwa 4,018, waliokufa, kupata shambulio au kiharusi ndani ya mwaka walikuwa asilimia 6.9 kwa prasugreli na 9.3 kwa tikagrela, na kutokwa damu kwingi hakukutofautiana sana. Matokeo hayo yaliwashangaza wengi waliodhani tikagrela ingeshinda. Mwongozo wa Ulaya wa 2023 unaitanguliza prasugreli kwa mgonjwa anayewekewa stenti, ila hauikatai tikagrela.

Weka tarakimu hizi mahali pake. Ukichukua watu 1,000 wa TRITON, prasugreli iliwaokoa takriban 22 na tukio kubwa la moyo au kiharusi, na ikawasababishia takriban 6 zaidi kutokwa damu kwingi. Kwa mtu wa miaka 50 mwenye afya nyingine nzuri, mimi naona mizani inaelemea wazi upande wa dawa kali. Kwa bibi wa miaka 82 mwenye kilo 48 na damu pungufu, mizani hiyo inageuka.

Asiyepaswa kupewa

Prasugreli ina makatazo makali kuliko wenzake. Aliyewahi kupata kiharusi asiitumie, hata kile cha muda kinachopita kwa saa chache na mtu akasema "nilizidiwa tu". Ukimpeleka mzee hospitali, taja tukio hilo hata kama halikuandikwa popote, maana katika TRITON watu hao waliumizwa na dawa hii. Kwa wenye miaka 75 na kuendelea kwa kawaida huepukwa, na mwenye kilo chini ya 60 hupewa miligramu 5 badala ya 10. Wembamba ni wengi kwetu. Mgonjwa apimwe uzito kabla dozi haijaandikwa.

Tikagrela haifai kwa aliyewahi kuvuja damu ndani ya fuvu. Kero yake kubwa ni pumzi. Katika PLATO asilimia 13.8 ya walioitumia walilalamika kukosa pumzi, dhidi ya 7.8 ya klopidogreli. Kwa aliyetoka kwenye shambulio la moyo hali hiyo inatisha: anadhani shambulio linarudi tena, naye au mkewe anaamua kuiacha. Mara nyingi ni hali nyepesi, huanza siku za mwanzo na huweza kupita yenyewe. Hata hivyo kukosa pumzi kunaweza kuwa moyo kweli, kwa hiyo aende akapimwe, na dawa asiiache kabla daktari hajampa nyingine. Wachache mapigo yao hupungua kasi, na mwenye historia ya kuzimia aseme mapema.

Klopidogreli ndiyo pole kati ya zote kwa upande wa damu. Pia ndiyo chaguo la kwanza kwa makundi mawili. La kwanza ni waliopewa kwanza dawa ya kuyeyusha bonge, kama streptokinasi au tenekteplasi, jambo la kawaida pale kathlabu ilipo mbali. Dawa kali mapema juu ya hiyo ni kumkaribisha mtu kwenye damu. La pili ni wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio wanaotumia dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, kama warfarini au apiksabani. Utafiti wa AUGUSTUS wa 2019, wenye wagonjwa 4,614, ulionyesha kuwa kwa watu hawa kuondoa aspirini baada ya siku za mwanzo kunapunguza sana kutokwa damu. Hubaki warfarini au apiksabani pamoja na klopidogreli. Mwenye warfarini, aspirini na tikagrela vyote kwa pamoja kwenye mfuko aulize leo, asingoje kliniki ijayo.

Dawa nyingine zilizomo kabatini

Hapa ndipo ulinganisho unapowagusa watu wa kwetu kuliko tarakimu za tafiti, na ndipo panaposahaulika.

Vidonda vya tumbo vimejaa, na omeprazoli hununuliwa kama peremende. Omeprazoli na esomeprazoli hukizuia kimeng'enya kilekile kinachoigeuza klopidogreli. Dawa ya kulinda tumbo inahitajika kweli kwa wengi wanaotumia aspirini na hizi, kwa hiyo suala si kuiacha. Kwa mwenye klopidogreli, pantoprazoli ni salama zaidi. Kwa tikagrela na prasugreli tatizo hili halipo.

Mwenye kifua kikuu anatumia rifampisini kwa miezi sita. Rifampisini huifukuza tikagrela mwilini haraka mno, kinga ikabaki ndogo. Kwa hiyo anayeanza dozi ya TB akiwa kwenye tikagrela abadilishiwe, na kliniki mbili hizo zijuane. Kwa upande wa virusi vya UKIMWI, mchanganyiko wenye dolutegraviri unaotumiwa na wengi sasa hauna ugomvi na dawa hizi. Wenye ritonaviri au kobisistati ndio wa kuangaliwa: klopidogreli hudhoofika, tikagrela hupanda kupita kiasi, na hapo prasugreli ndiyo hupendekezwa kama hakuna katazo jingine. Najua wapo wanaoficha hali yao kwa daktari wa moyo. Mfamasia au daktari hana njia ya kukulinda na mgongano asioujua.

Tikagrela pia haipatani na ketokonazoli ya kumeza wala klarithromaisini, na simvastatini isizidi miligramu 40. Kuhusu maumivu ya mgongo na magoti, diklofenaki na ibuprofeni ni hatari na dawa zote tatu, na ibuprofeni inaweza hata kuizuia aspirini isifanye kazi yake. Paracetamoli ndiyo ya kutumia. Tena kwa wakazi wa Dar es Salaam, Mombasa na pwani yote: msimu wa dengue ukifika, homa yoyote kwa mtu huyu ni ya kwenda hospitali kupima damu siku hiyohiyo, kwa sababu dengue hushusha chembe sahani ambazo dawa tayari imezituliza.

Ratiba na mfuko

Mara moja kwa siku au mara mbili huonekana jambo dogo, mpaka uangalie mwezi wa tano, mgonjwa anapojisikia mzima. Athari ya tikagrela huisha haraka kuliko ya wenzake, hivyo dozi mbili zilizorukwa ni pengo la kweli. Anayesahau dozi za jioni namshauri aombe dawa ya mara moja. Mwezi wa Ramadhani, aliyeruhusiwa na daktari wake kufunga anaweza kupanga tikagrela kwenye futari na daku. Klopidogreli na prasugreli hazina shida hiyo.

Kwa bei klopidogreli haina mpinzani. Nakala zake zinatengenezwa na viwanda vingi, na iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2015. Zidisha bei ya mwezi mara kumi na mbili. Uliza kama bima inalipa miezi yote au ya mwanzo tu. Uliza pia kama dawa inapatikana wilayani mgonjwa anakorudi, siyo pale mjini alikotibiwa pekee.

Kuna njia ya kati ambayo watu wengi hawaambiwi: kuanza na dawa kali mwezi wa kwanza, wakati hatari ya bonge iko juu, kisha kuhamia klopidogreli kwa mpango. Utafiti wa TALOS-AMI wa Korea Kusini, uliochapishwa 2021, ulifuata wagonjwa 2,697 wa shambulio la moyo waliomaliza mwezi mmoja wa tikagrela salama. Waliohamishiwa klopidogreli walipata matukio ya moyo au kutokwa damu kwa asilimia 4.6, na waliobaki na tikagrela asilimia 8.2. Tofauti kubwa ililetwa na damu kupungua kutoka, na stenti hazikuziba zaidi. Miongozo inaichukulia kama njia mbadala inayokubalika, na inakataza kuhama ndani ya siku 30 za mwanzo. Kwa familia inayoweza kumudu mwezi mmoja wa tikagrela lakini si kumi na miwili, hili ndilo la kumwomba daktari, tena kabla ya kutoka wodini, ili tarehe ya kuhama iandikwe kwenye kadi.

Muda, na siku ya operesheni

Kawaida ni miezi 12 ya dawa mbili, kisha moja, mara nyingi aspirini, kwa maisha. Mwenye hatari kubwa ya kutokwa damu, kama aliye na hemoglobini chini ya 11, figo mbovu au aliyewahi kutapika damu, anaweza kupunguziwa hadi miezi sita, mitatu, hata mmoja. Kurefusha nako kuna bei yake: katika utafiti wa DAPT wa 2014, miezi 30 badala ya 12 ilishusha mabonge ya stenti kutoka asilimia 1.4 hadi 0.4, lakini kutokwa damu kukapanda kutoka 1.6 hadi 2.5.

Kuvilia kidogo ngozini au fizi kutoa damu unapopiga mswaki si sababu ya kuacha. Choo cheusi kama lami, matapishi yenye damu au kichwa kuuma ghafla kwa nguvu ni dharura.

Operesheni inayoweza kusubiri isubiri mwaka upite. Isiyoweza kusubiri, daktari wa upasuaji na wa moyo wazungumze, maana siku za kusimamisha hutofautiana: tikagrela siku tatu hadi tano kabla, klopidogreli tano, prasugreli saba, na aspirini kwa kawaida huendelea. Kung'oa jino mara nyingi hufanyika bila kuacha chochote, daktari wa meno akijua. Akikwambia uache dawa zote wiki nzima, mwonyeshe kadi yenye tarehe ya stenti na umwombe ampigie simu daktari wako wa moyo kabla hujaruka hata kidonge kimoja.